Mwonjaji wa Divai ya Mususa

Kama tumbo lako linajaa na huna mimba, kama mikono imekonda na miguu imevimba, keti karibu nami kidogo. Mimi si daktari, na hata leo nikionyeshwa ini langu mezani sitalitambua. Nitakueleza tu nilivyougua, nani alibaki nami na nani alinigeuka. Nimepona kiasi cha kuweza kuandika. Hasira haijapona, kwa hiyo utanivumilia.

Jina langu ni Masika, mtoto wa kwanza wa kike kwetu. Naishi Mususa, mjini Butembo, na mume wangu Kambale ni seremala. Nilikulia katika kanisa la Kiprotestanti ambamo pombe haikukaribishwa hata uani. Baba yangu alikuwa akivuka barabara ili asipite mbele ya baa. Bia, kasikisi ya ndizi, kanyanga, vyote vilihesabiwa kundi moja, na mtu wa vitu hivyo hakukaribia meza ya Bwana. Nilifika umri wa kuwa na wajukuu bila kujua ladha ya kimojawapo.

Kisha vita vikafunga barabara. Mananasi ya upande wa Beni yakakosa malori, kwa sababu kila kundi lenye bunduki lilikuwa na kizuizi chake na wenye magari waliogopa kunyang'anywa. Mananasi yakaoza kwenye vilundo huku watu wanalala njaa. Mdogo wangu Kavira, ambaye tangu utoto kichwa chake hukimbia kuliko miguu yake, alikuwa amejifunza ng'ambo ya mpaka, Uganda, namna ya kugeuza nanasi kuwa divai. Akawakusanya kina mama wa kanisa letu, akaunda chama, na bidoni, yale madumu ya plastiki, zikapangwa nyuma ya nyumba yake. Alikwenda mwenyewe kumweleza mchungaji kwamba hiyo si pombe, ni tunda, na kwamba divai imo katika Maandiko. Mchungaji akaonja, akatabasamu, akaomba aongezewe. Tangu siku hiyo mlango ulikuwa wazi.

Sitaki useme nilidanganyika peke yangu, maana mji mzima ulikuwa ukibadilika machoni petu. Mwanzo divai ile ilikuwa ya harusi. Halafu ikawa ya Jumapili, kisha ya mgeni, kisha ya mama aliyejifungua, eti inarudisha damu. Mwishowe ikawa ya kila jioni baada ya ugali, na nyumba isiyokuwa na chupa ilionekana nyumba ya watu wasiojua maisha. Walimu walikunywa, wauguzi walikunywa, wazee wa kanisa walikunywa. Risasi zilipolia upande wa Kimemi, tulifunga madirisha tukamimina ili mioyo itulie. Hakuna aliyelewa akaanguka njiani, kwa hiyo hakuna aliyesema tunakunywa pombe. Tulisema tunakunywa "vin", kwa Kifaransa, na neno hilo lilikaa vizuri hata mdomoni mwa shemasi.

Mimi nilichaguliwa kuwa mwonjaji. Katika kazi ile lazima awepo mtu mmoja wa kuonja kila bidoni, kila siku, ajue ipi bado tamu, ipi imeiva, ipi inaelekea kuwa siki. Kina mama walisema ulimi wangu haukosei, na kweli haukukosea. Asubuhi nilipita na kikombe, adhuhuri nikapita tena, jioni nikaonja za kesho. Kisha nikarudi nyumbani kunywa glasi yangu ya mezani pamoja na Kambale, kama watu wote. Siku za mwanzo kichwa kilikuwa kizito, nikamwuliza Kavira kama siwezi kuonja na kutema. Wanunuzi walikuwa wamekaa uani, akanivuta pembeni, akaniita Yaya, kama kwetu anavyoitwa dada mkubwa.

"Yaya, ukitema, batu batasema vin yetu iko mubaya. Meza tu."

Nikameza. Nilimeza mvua na kiangazi, tangu waasi wa kwanza mpaka waliokuja baada yao. Na nilijivuna, usifikiri nilikuwa nikilazimishwa kwa fimbo. Kupita mbele ya kina mama na kikombe changu, wote wakisubiri niseme neno, kulinipa heshima ambayo sikuwahi kuipata mahali pengine.

Ugonjwa haukunijia kwa kishindo. Ulianza wakati wa kuvuna maharagwe, kwa pete ya ndoa iliyoteleza kidoleni ikaanguka ndani ya beseni. Uso ulikonda, mikono ikabaki mifupa, lakini kitenge hakikunitosha tena kiunoni. Mama mkwe alipoona tumbo alifurahi kabisa. Alinipongeza mbele ya wageni kwa mtoto wa uzeeni, nami nikacheka na wenzangu huku ndani naogopa, kwa sababu damu ya mwezi ilikuwa imeniaga zamani. Kisha ngozi ikaanza kuwasha, macho yakawa manjano, na nikibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo. Bado nilipita na kikombe changu kila asubuhi. Kavira aliniambia nizidishe kidogo, inaongeza damu.

Kwenye zahanati ya kwanza, pale Butembo, tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Askari walileta mwenzao aliyejeruhiwa, wakapita mbele yetu sote, na hakuna aliyenung'unika maana bunduki zilikuwa zimeegemea magotini petu. Zamu yangu ilipofika muuguzi aliuliza kama nakunywa pombe. Nilijibu kwa moyo safi kabisa kwamba hapana, mimi ni mtu wa kanisa. Akanipa dawa ya minyoo. Mahali pa pili waliniuliza hivyo hivyo, nikajibu hivyo hivyo, wakanipa dawa ya malaria. Sikuwa nadanganya. Ungeniapisha siku ile ningeapa, kwa maana tulikuwa tumefundishana wote kuliona jambo hivyo. Ndiyo sababu nakuomba, wewe unayesoma ukiwa kwenye benchi kama lile: ukiulizwa unakunywa nini, taja kila kitu kinachopita kooni mwako kwa jina lake, hata kile mnachokinywa na mchungaji.

Mvua za Septemba zilipoanza, tumbo lilikuwa limenizuia kulala chali. Kambale akanipeleka Beni, kwa lori la mbao, mimi nimekaa mbele karibu na dereva kwa huruma yake. Katika kila kizuizi askari walichungulia tumbo langu, wakafikiri naenda kuzaa, wakatuacha tupite. Nilishukuru nikanyamaza.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alitazama viganja vyangu, akatazama macho, akagonga tumbo kwa vidole. Hakuuliza habari za pombe.

"Mama, jioni, kisha kula, unakunywaka nini?"

"Vin, docteur. Ya mananasi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Njo kazi yangu."

Aliweka kalamu chini. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu, akaniambia kwamba divai ile ndiyo iliyoharibu ini langu, na kwamba nikiionja tena hata kikombe kimoja sitawaona wajukuu wangu wakikua. Kambale alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, akatazama dari. Na mimi wazo langu la kwanza, utanicheka, lilikuwa kwamba Kavira atasikitika sana akijua, kwa hiyo tumtumie habari haraka ili aache.

Walinitoboa tumbo kwa sindano, maji yakashuka kwa mpira mpaka kwenye ndoo, rangi ya chai isiyo na maziwa. Haikuuma kama nilivyodhani. Kilichouma ni kuiangalia ile ndoo na kujua imetoka kwangu. Baadaye nililala chali kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na furaha ya kulala chali sitaisahau. Walinikataza chumvi. Kambale, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuosha hata sufuria, alipiga magoti kwenye jiko la walinzi wa wagonjwa, yaani ndugu wanaowauguza, akajifunza kupika maharagwe kwa nyanya na limau. Mama wa kitanda cha jirani, mkulima aliyekuwa na kidonda cha mguu, alinigawia limau zake kila siku bila kuombwa. Hayo yalinishikilia zaidi ya vidonge.

Kambale alitangulia kurudi Butembo kutafuta mahitaji. Nilimpa ujumbe kwa Kavira, neno kwa neno: ni divai, daktari amesema, afunge bidoni na awaambie kina mama. Aliporudi nilimwuliza kama ameufikisha. Akasema ndiyo, ameufikisha, na akashughulika na moto. Nilidhani ni uchovu.

Niliporudi nyumbani karibu na Krismasi, chama chote kilinipokea kwa nyimbo. Walikuwa wamefagia uwanja na kuweka maua kwenye chupa. Kavira alinikumbatia, akalia kwa sauti begani mwangu, akamshukuru Mungu aliyeishinda sumu. Nikadhani nimesikia vibaya kwa sababu ya kelele. Mwingine akaomba, akamshukuru Mungu kwa kuifichua karuho. Karuho ndiyo sumu ambayo kwetu husemwa mtu hutegewa katika chakula au kinywaji, ikamla polepole mpaka tumbo lijae maji. Watu wengi wamefukuzwa vijijini kwa neno hilo, na wengine hawakuishia kufukuzwa.

Nilitafuta uso wa Vumilia. Vumilia alikuwa mwanamke aliyekimbia kutoka upande wa Kamango, akaja Butembo na kifurushi kimoja. Chama kilimpa kazi ya kuosha bidoni na vikombe, nami nilimpa chumba kidogo nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ndiye aliyekuwa akiosha kikombe changu cha kuonjea. Mlango wa chumba chake ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja, na ndani hakukuwa na kitu ila mkeka uliochanika. Hakuna aliyetaka kunieleza. Mjukuu wangu mdogo ndiye aliyesema kwamba kina mama walikuja na mawe, na babu alibaki ndani.

Sikumwuliza Kambale chochote siku hiyo. Nilikuwa nimekaa naye miaka mingi, nikaona aibu yake mgongoni. Alikuwa amefikisha ujumbe wangu, ni kweli, na Kavira alikuwa amempa ujumbe mwingine mahali pake, wa karuho na Vumilia, naye akaupokea akaupeleka kwa watu.

Kavira alikuja kesho yake, peke yake, akafunga mlango. Nilimwambia alichosema daktari. Akasema anajua. Nilisubiri aseme jambo jingine, labda kwamba hakuamini, labda kwamba aliogopa. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto sababu ya kwenda shule. Jumapili kutakuwa na shuhuda kanisani, nami nitasimama kumshukuru Mungu.

"Sema tu karuho, Yaya. Karuho haileti haya, inaweza kupata mutu yeyote. Lakini ukisema ni vin, nani atauza tena? Bamama bale balipie batoto masomo na nini?"

"Na Vumilia?"

"Ule iko mugeni. Atapata fasi ingine."

Nilimlea Kavira mgongoni. Mama alipokuwa shambani ni mimi niliyemtafunia viazi. Nilimwangalia nikamwona ni yule yule, kovu lake la utotoni liko pale pale kwenye nyusi, na bado sikumjua. Nikamwambia atoke. Alisimama, akaacha chupa juu ya meza, akasema ni ya wageni watakaokuja kunisalimu. Niliimwaga kwenye majani ya migomba, nusu nikiwa na hasira, nusu nikiwa na hamu. Usishangae kuhusu hamu. Mwili ulioizoea utakuomba hata siku unayoichukia.

Jumapili nilisimama. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, kwa sababu kila mtu alitaka kumwona aliyepona sumu. Nilisema sikulishwa sumu. Nilisema kilichonijaza tumbo ni divai yetu, ile niliyoionja kila siku kwa kazi ya chama na kuinywa kila jioni kama wao, na kwamba Vumilia hana kosa, kazi yake ilikuwa kuosha tu. Niliomba watu wamtafute wamrudishe. Niliongea kidogo kwa sababu pumzi ilikuwa fupi.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye nilimmiminia mwenyewe kwenye ubatizo wa kitukuu chake, akasimama akaniuliza kwa heshima.

"Mama Masika, nani alikuonaka unakunywa kila siku?"

Niligeuka kwa kina mama. Walikuwa wamekaa safu mbili, sare zao za chama zimepigwa pasi, na wote walikuwa wakisoma kitambaa cha meza ya mbele. Nikamwangalia Kavira, nikamngoja. Nilijua atasema kitu, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimtumaini.

"Alikunywaka ku uficho," Kavira akasema. "Siye tulimukataza, hakusikia."

Nikageuka upande wa wanaume. Kambale alikuwa na kofia yake mapajani, anaizungusha. Hakusimama.

Sina maneno ya kukueleza maumivu niliyoyasikia. Sindano ya Beni ilikuwa rafiki ukilinganisha. Watu walionichagua, walionisifu ulimi, waliosubiri neno langu kila asubuhi, waliniuza kwa pamoja na wala hawakugombana kuhusu nani aanze. Niliwekwa chini ya nidhamu kwa ulevi. Nilipewa benchi la nyuma, karibu na mlango, na nilikatazwa meza ya Bwana. Jioni ile ile, jirani aliniambia, chupa zilifunguliwa kwa Kavira kama kawaida.

Nyumbani Kambale alisema maneno yalimkwama. Nikamwambia hayakumkwama siku ya kufikisha ujumbe wa Kavira. Kwa muda mrefu tuliishi kama wapangaji wawili. Alinipikia bila chumvi kila siku, alinisindikiza Beni kila nilipoitwa, alilala kwenye benchi la hospitali na kichwa kwenye mfuko. Hayo yote aliyafanya, lakini kanisani hakusimama. Nimeshindwa kuyajumlisha, kwa hiyo nimeyaacha yakae yote mawili. Kama mwenzako anakuuguza na amekuumiza, huna lazima ya kuchagua moja leo.

Walinitoa maji tena mwanzo wa kiangazi, na tena mvua zilipokaribia. Kati ya safari hizo kazi yangu ilikuwa kukataa. Hiyo ndiyo sehemu ya ugonjwa ambayo hakuna aliyenionya. Kwenye msiba walinimiminia, kwenye mahari walinimiminia, kwa shemeji walinimiminia wakasema kidogo tu haidhuru, hata daktari mwenyewe anakunywa. Watu walewale walioniita mlevi walichukizwa nilipokataa glasi yao. Nilijifunza kuja na chupa yangu ya maji na kuikumbatia. Ukitaka kupona usingoje wakuelewe, maana utangoja huku unakunywa.

Safari ya mwisho, wakati wa kupanda maharagwe, daktari aligonga tumbo akagonga tena. Akasema maji hayapo ya kutoa. Macho yangu yalikuwa meupe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia niendelee hivyo hivyo. Nilitoka nje nikitembea kwa viatu vyangu mwenyewe, ambavyo vilikuwa vimenikataa mwaka mzima, na Kambale akatangulia kutafuta gari.

Nje ya lango la hospitali wanawake huuza uji kwa walinzi wa wagonjwa. Mmoja alikuwa amejifunika kitambaa mpaka kwenye nyusi, anakoroga. Alipoinua uso niliona alama ya jiwe, juu ya shavu, imepona vibaya. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nilidhani ataondoka, naye alibaki na mwiko wake.

"Mama, uko muzima," akasema Vumilia.

Nilimwambia nilisema kanisani, mbele ya wote, kwamba si yeye. Nilimwambia niliomba arudishwe.

"Bakakusadiki?"

"Hapana."

Alikoroga. Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kutusikiliza, na mmoja wao alikuwa mtu wa Butembo, nilimjua kwa sura, naye alimjua Vumilia. Nikamwona akirudisha kikombe chake chini bila kunywa. Vumilia pia alimwona. Akachukua kikombe kisafi, akakijaza uji kwa ajili yangu, kisha akakiinua kwenye midomo yake mwenyewe. Kwetu anayempa mtu kinywaji huonja kwanza, ili anayepokea ajue hakuna sumu. Mwenye kushukiwa huonja sana, mbele ya watu, kila siku ya maisha yake.

Nilimshika mkono kabla hakijafika mdomoni.

"Hapana, Vumilia. Nipe vile iko."

Hakutaka kukiachia. Macho yake yalikwenda kwa yule mtu wa Butembo, yakarudi kwangu, na vidole vyake vikalegea kimoja kimoja. Nilikunywa nimesimama, uji wa moto, mpaka chini, mbele yao wote. Alipokea kikombe kitupu, akapangusa macho kwa kiwiko, akanijazia tena.